Kabla ya kupiga Windows upya, iulize kompyuta kwa nini hailali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kwa wenye kompyuta na kwa mafundi wenzangu. Kompyuta ikikataa kulala, au ikiamka yenyewe usiku wa manane, au ikilala isiamke, hukumu yake hutoka haraka mno: "Windows imeharibika, tuipige upya." Diski inafutwa, programu zinawekwa upya, mwenye mashine anapoteza mipangilio yake na pengine mafaili ambayo hakuyatolea nakala. Baada ya siku mbili mashine inaamka tena saa nane za usiku, vilevile kama zamani. Inaamka kwa sababu kilichokuwa kikiiamsha hakikuwa na uhusiano na Windows iliyofutwa. Kilikuwa kwenye kadi ya mtandao, au kwenye kipanya, au kwenye mpangilio ambao Windows mpya inakuja nao kama iliyotangulia.

Jambo hili linauma kwa sababu halina ulazima. Hitilafu nyingi za kompyuta humwacha fundi akipapasa gizani. Hii ya usingizi si hivyo. Mashine yenyewe inaweka kumbukumbu ya nani kaizuia kulala, nini kimeiamsha na saa ngapi. Kinachotakiwa ni kuiuliza, na kuiuliza hakuzidi dakika kumi. Amri nitakazotaja ni za Windows 10 na 11. Mac na Linux nitazigusa baadaye.

Kwanza tuelewane kulala ni nini, maana watu wanachanganya mambo kadhaa. Kioo kuwa cheusi si kulala. Ni kioo tu kimezimwa, na kazi ndani inaendelea. Kulala kwenyewe kumepangwa kwa namba na kanuni iitwayo ACPI, iliyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. S3 ni usingizi wa kawaida: prosesa, diski na feni vinakatiwa umeme, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, peke yake ndiyo inayoendelea kulishwa ili isisahau ulichokuwa unafanya. S4 ni haibaneti: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha umeme unakatwa kabisa, na ukiwasha yanarudishwa yalipokuwa. S5 ni kuzimwa. Halafu upo usingizi wa nne, mgeni kuliko yote, unaoitwa Modern Standby. Humo kompyuta haitoki S0, yaani hali ya kuwa macho. Inapunguza matumizi tu na kuzinduka kwa vipindi kupokea ujumbe, kama simu. Kompyuta mpakato nyingi za miaka hii zinakuja na huo wa nne bila S3, na wenyewe hawajui.

Kujua yako ni ipi, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, bofya kulia juu ya jina linalotokea na uchague "Run as administrator". Bila hatua hiyo ya mwisho amri kadhaa zitakataa. Kwenye dirisha jeusi andika "powercfg /a". Jibu lina orodha mbili: juu aina za usingizi zilizopo, chini zisizopo, na kila isiyokuwepo ina sababu yake chini ya jina. Ukiona S3 juu, mashine yako inalala kwa mtindo wa zamani. Ukiona "S0 Low Power Idle", ni ile ya mtindo wa simu, na mengi nitakayosema baadaye kuhusu kuitia mpakato begini yanakuhusu.

Isome ile orodha ya chini kwa makini. Ikiwa sababu inataja draiva ya kioo (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa), au sehemu ya ndani inayohusu michoro, basi mashine haina draiva kamili ya kadi ya picha. Inatumia ile ya akiba ambayo Windows hujiwekea yenyewe, nayo haijui kulala. Hali hii mara nyingi hutokea baada ya kupiga Windows upya. Mtu alikwenda kwa fundi kwa sababu kompyuta inaamka hovyo, akarudi nayo haina hata neno Sleep kwenye menyu ya kuzima. Dawa ni kuchukua draiva ya picha kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa namba kamili ya toleo iliyobandikwa chini ya mashine, kuiweka, kuwasha upya, kisha kurudia "powercfg /a".

Sasa mashine isiyolala. Umeiwekea ilale baada ya dakika 15, saa nzima imepita na bado iko macho. Andika "powercfg /requests". Jibu linakuja kwa mafungu: DISPLAY, SYSTEM, AWAYMODE, EXECUTION na mengineyo. Fungu lililoandikwa None chini yake halina kesi. Lenye jina ndilo la kushughulikia. Linalojitokeza sana chini ya SYSTEM ni jina la kadi ya sauti likifuatwa na maneno "An audio stream is currently in use", maana yake kuna programu imeshikilia njia ya sauti. Si lazima usikie chochote. Ukurasa wa kivinjari wenye video, programu ya mikutano iliyojibanza kwenye kona karibu na saa, programu inayosikiliza maikrofoni, yoyote kati ya hizo inatosha. Zifunge moja baada ya nyingine, na kila ukifunga moja rudia amri. Ile ambayo baada ya kufungwa mstari unatoweka, ndiyo hiyo.

Ofisini utakutana na jina srvnet. Hilo linatokea pale kompyuta nyingine katika mtandao inapofungua faili lililo kwenye mashine yako, nayo inakataa kulala isije ikamkatia mwenzake. Kuna amri ya kuipuuza: "powercfg /requestsoverride driver srvnet system". Inafanya kazi, lakini fahamu gharama yake: kuanzia hapo mashine italala hata mwenzako akiwa katikati ya kunakili. Ukitaka kuiondoa, rudia amri ileile bila lile neno la mwisho. Mimi naiweka mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha hakuna folda iliyoachwa wazi kwa wengine bila sababu.

Ikiwa mafungu yote ni None na bado hailali, acha programu, angalia vifaa. Kidhibiti cha michezo ambacho kijiti chake kimelegea na kinatuma mwendo mdogo usiokoma, kipanya kilicho juu ya meza inayong'aa; hivi vyote huhesabiwa kama mtu anatumia mashine. Vichomoe vyote, ubaki na kibodi, usubiri. Pia fungua Control Panel, Power Options, "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings". Tafuta "Multimedia settings", na palipoandikwa "When sharing media" chagua "Allow the computer to sleep". Na kumbuka kila mpangilio humo una mistari miwili, mmoja wa kwenye betri na mwingine wa kwenye chaja. Watu wengi hubadilisha wa betri, kisha wanajaribu mashine ikiwa kwenye chaja, wanasema mpangilio haushiki.

Mashine inayoamka yenyewe ndiyo inayotisha watu, na ndiyo ambayo watu hukimbilia kusema kuna kirusi. Mara nyingi hakuna kirusi. Asubuhi, kabla hujafanya lolote, andika "powercfg /lastwake". Ikikupa jina la kifaa, umempata mhusika. Ikikuambia hesabu ni 0, usikate tamaa. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, na utafute tukio lenye chanzo Power-Troubleshooter na namba 1. Hapo kuna saa ya kulala, saa ya kuamka, na mstari wa "Wake Source" unaotaja kilichoamsha. Tukio la Kernel-Power namba 42 linaonyesha mashine ilipoingia usingizini. Ukipanga saa hizo za siku tano au sita kwenye karatasi utaona mchoro wake: ikiamka kila siku saa ileile, ni kazi iliyopangwa, ikiamka ovyo ovyo, ni kifaa.

Tuchukue kifaa kwanza. Amri "powercfg /devicequery wake_armed" inataja vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuamsha. Kwa kawaida ni kibodi, kipanya na kadi ya mtandao. Kipanya cha mwanga kinaona mtikisiko wa meza; mlango ukifungwa kwa nguvu, kompyuta inaamka. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, bofya mara mbili jina la kipanya, nenda "Power Management", ondoa alama kwenye "Allow this device to wake the computer". Kibodi iachie ruhusa yake, vinginevyo utabaki na kitufe cha kuwashia peke yake. Kama kipanya kimeandikwa mara mbili au tatu humo, ondoa ruhusa kwa kila jina, kwa sababu kipokezi kimoja cha USB huweza kujitambulisha kama vifaa kadhaa.

Kadi ya mtandao inahitaji uangalifu zaidi, maana hapo ndipo mafundi wengi hukosea kwa kuzima kila kitu. Kadi hizi zina njia mbili za kuamsha. Ya kwanza ni kwa pakiti maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: baiti 6 zote zikiwa FF, kisha anwani ya kadi yenyewe, nayo ni baiti 6, imerudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Pakiti kama hiyo haitokei kwa bahati mbaya, anayeituma amekusudia. Njia ya pili ni kwa mfanano wa maudhui, ambapo trafiki ya kawaida ya mtandao, mathalani kifaa kingine kinachouliza nani yuko kwenye anwani fulani, inaweza kutosha kuamsha mashine. Ya pili ndiyo inayoleta usumbufu. Kwa hiyo katika Device Manager, kwenye kadi ya mtandao, fungua "Advanced", tafuta "Wake on Pattern Match" uiweke Disabled. "Wake on Magic Packet" iache ikiwa unahitaji kuiamsha mashine ukiwa mbali. Halafu "Power Management", weka alama kwenye "Only allow a magic packet to wake the computer". Kama huhitaji kuiamsha kwa mbali hata siku moja, ondoa ruhusa yote umalize.

Sasa kazi zilizopangwa. Andika "powercfg /waketimers". Ikiwepo saa iliyotegwa, jibu linataja aliyeitega, muda itakapolia na sababu yake. Mara nyingi utasoma jina UpdateOrchestrator, na huyo ni mpanga masasisho wa Windows. Kwenye mipangilio ya juu ya umeme niliyotaja, chini ya Sleep, kuna "Allow wake timers" yenye chaguo tatu: kuruhusu, kukataza, na kuruhusu zile muhimu tu. Ukikataza, masasisho yatasubiri uamshe mashine mwenyewe. Basi jiwekee siku ya kuyafanya, usiyaache yakarundikana. Programu za nakala za akiba na za kupambana na virusi nazo hutega saa. Hizo zitafute ndani ya Task Scheduler, mpanga kazi wa Windows, fungua kazi yenyewe, "Conditions", na uangalie alama ya "Wake the computer to run this task".

Kuna kisa kimoja ambacho huwachanganya hata wazoefu. Mashine imepangwa kulala baada ya nusu saa, lakini ikiamshwa usiku inalala tena baada ya dakika mbili tu. Au mtu ameiamsha kwa mbali akitaka kunakili kitu, inamlalia katikati ya kazi. Hiyo si hitilafu. Windows ina kipimo cha pili, cha usingizi wa mashine iliyoamka bila mtu kugusa kibodi wala kipanya, na kiwango chake cha kawaida ni dakika 2. Kimefichwa. Kukitoa hadharani andika kwa uangalifu "powercfg -attributes SUB_SLEEP 7bc4a2f9-d8fc-4469-b07b-33eb785aaca0 -ATTRIB_HIDE". Rudi kwenye mipangilio ya juu, chini ya Sleep utaona "System unattended sleep timeout". Weka dakika unazotaka.

Nije kwenye begi. Mtu anafunga kifuniko cha mpakato, anaitia begini, baada ya saa mbili anaitoa ikiwa ya moto kama pasi na betri imekwisha. Mashine ya S3 ikifanya hivyo, ujue kuna kitu kimeiamsha. Rudi kwenye aya zilizotangulia. Mashine ya Modern Standby haihitaji kuamshwa, iko macho nusu tangu mwanzo. Programu moja ikigoma kutulia, prosesa inachapa kazi ndani ya begi lisilo na hewa. Joto hilo halina pa kwenda, na betri ya lithiamu inayokaa kwenye joto kali mara kwa mara huzeeka mapema. Ukweli huu watengenezaji walipaswa kuuandika kwa herufi kubwa kwenye kijitabu cha maelekezo, kwa sababu tabia ya kufunga kifuniko na kuondoka tumefundishwa na mashine zenyewe.

Kuiuliza, andika "powercfg /sleepstudy". Ripoti inahifadhiwa kama ukurasa uitwao sleepstudy-report.html, na dirisha jeusi linakuonyesha ilipo. Ifungue kwa kivinjari. Kila kipindi cha usingizi katika siku tatu zilizopita kina mstari wake: kilidumu muda gani, betri ilishuka kiasi gani, na asilimia ya muda ambao mashine ilikuwa kwenye utulivu wa ndani kabisa. Asilimia hiyo ikikaribia 100, ililala kweli. Ikiwa chini sana, teremka kwenye kipindi hicho mpaka "Top Offenders", utakuta majina ya wakorofi kwa mpangilio wa ukorofi wao. Kadi ya Wi-Fi, kadi ya sauti na vifaa vya USB hujitokeza mara kwa mara humo, na draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji huponya wengi.

Lakini ushauri wangu kwa anayebeba mpakato kila siku ni kuachana na usingizi mwepesi kabla ya begi. Tumia haibaneti. Andika "powercfg /h on". Kisha Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", na kwenye safu ya betri chagua Hibernate. Kuamka kutachukua sekunde kadhaa zaidi, ila begini hakutakuwa na umeme unaotembea. Usipoiona Hibernate kwenye orodha hata baada ya amri hiyo, andika "powercfg /h /type full", kwa sababu faili la haibaneti linaweza kuwa limewekwa kwa umbo dogo ambalo halitoshi kazi hiyo. Faili lenyewe, hiberfil.sys, kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa RAM: mwenye RAM ya GB 16 atatoa GB 6.4 za diski. Ukitaka njia ya kati, iache ilale kwanza halafu ihaibaneti ikikaa: "powercfg /change hibernate-timeout-dc 60" inaipa dakika 60 ikiwa kwenye betri.

Kifuniko chenyewe hakina swichi ya kubonyezwa siku hizi. Kuna sumaku upande mmoja na kihisi upande wa pili. Kwa hiyo simu yenye kasha la sumaku, au bangili, ikiwekwa karibu na kihisi hicho inaweza kuilaza mpakato iliyo wazi mbele yako. Kabla ya kushika bisibisi, ondoa sumaku mezani.

Mashine iliyolala isiamke ni shauri la namna nyingine. Tofautisha mambo matatu. Feni inazunguka, taa ya kibodi inawaka, kioo cheusi: bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo inaianzisha upya draiva ya picha bila kugusa kazi yako. Kioo kikirudi, kosa ni la draiva ya picha, na uisasishe. Ikiwa kila kitu kimekufa ganzi, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, kisha washa. Utapoteza ambacho hukuhifadhi. Ikiwa nayo inaamka lakini inaanza upya badala ya kurejea ulipokuwa, tafuta Kernel-Power namba 41 kwenye Event Viewer. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuzimwa ipasavyo, haisemi kwa nini, na si haki fundi kuisoma kama ushahidi kwamba pawasapulai ni mbovu. Anza na BIOS mpya (programu iliyo kwenye bodi, inayoanza kabla ya Windows) na draiva za chipseti, yaani saketi kuu za bodi, za toleo la kompyuta yako. Ndizo zinazobeba makubaliano ya kulala na kuamka kati ya bodi na Windows. Kama BIOS ina RAM iliyoongezwa mwendo, irudishe kwenye mwendo wa kawaida ujaribu, kwani RAM inayoshikilia vizuri mchana kutwa inaweza kushindwa kurudi kwenye mwendo huo baada ya S3.

Kwenye kompyuta za mezani angalia pia mpangilio wa BIOS unaoitwa ErP. Ukiwa umewashwa, bodi inakata umeme wa akiba kwenye matundu ya USB na kadi ya mtandao mashine ikiwa imezimwa, na kwenye baadhi ya bodi hata ikiwa usingizini. Mtu anapiga kibodi mpaka anachoka, na kibodi haina hata umeme wa kupeleka taarifa. Na ikiwa mipangilio ya BIOS inajirudisha yenyewe kila umeme unapochomolewa, saa nayo inarudi nyuma miaka, betri ndogo ya bodi imekwisha. Ni CR2032, ya volti 3. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano.

Kuna na kuzima ambako si kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 upo mpango wa kuwaka haraka, ambamo ukichagua Shut down, kiini cha Windows na draiva zake vinahaibaneti badala ya kufungwa. Fungua Task Manager, "Performance", CPU, na usome "Up time". Mtu anayeapa kwamba huzima mashine kila jioni atakuta imeandikwa siku 19. Draiva iliyovurugika Jumatatu bado iko humo na uvurugikaji wake. Ndiyo maana fundi akisema zima uwashe, jibu sahihi ni kuchagua Restart, kwa kuwa Restart hufunga kila kitu kweli. Au shikilia Shift unapobofya Shut down. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja waondoe kabisa mpango huo, kupitia "Choose what the power buttons do", maana diski ya Windows inaachwa kama mtu aliyesinzia na kitabu wazi, na Linux ikiandika humo inaweza kuharibu mafaili.

Kwa Mac, fungua Terminal na uandike "pmset -g assertions"; mistari yenye PreventUserIdleSystemSleep inataja programu iliyoizuia kulala. "pmset -g log" inatoa historia nzima ya kulala na kuamka pamoja na sababu. Kwa Linux, "systemd-inhibit --list" inaonyesha wazuiaji, "cat /sys/power/mem_sleep" inaonyesha aina ya usingizi, ile inayotumika ikiwa ndani ya mabano ya mraba: deep ni S3, s2idle ni usingizi mwepesi. Faili /proc/acpi/wakeup lina orodha ya wanaoruhusiwa kuamsha. Mabadiliko unayofanya humo hufutika ukiwasha upya, kwa hiyo yaandikie huduma ya systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, iyarudie.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu ni kwamba tusiguse diski ya mtu kwa ugonjwa wa usingizi kabla hatujamwonyesha majibu manne: "powercfg /a", "/requests", "/lastwake" na "/waketimers". Yaandikwe kwenye karatasi ya kazi, kwa majina ya vifaa na saa. Mteja naye ana haki ya kuyadai. Na itakapobidi kufuta, maana mara chache inabidi, nakili kwanza ripoti hizo kwenye flashi. Windows mpya ikishawekwa, kabla ya kuongeza programu hata moja, weka draiva, ilaze mashine usiku mmoja, kisha asubuhi uliza maswali yaleyale. Likitokea jina lilelile la kifaa, hitilafu iko kwenye kifaa hicho, au draiva yake, au BIOS, na kufuta mara ya pili hakutabadilisha kitu.

Wako,
Fundi wa kompyuta